Kiazi Nilichokifanya Muhuri

Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

Nilikuwa Igowole, mashineni, nimekaa juu ya kiroba changu cha mahindi nasubiri zamu ya kusaga. Mashine walikuwa wameizima, wanafunga mkanda uliochomoka. Pale ukutani aliegemea mwendesha bodaboda na simu yake, wenzake wamemwinamia begani. Kimya kile cha mashine ndicho kilichonisikilizisha. "Njoo kesho! Leo muhuri umelala!" Halafu kicheko cha watu wengi, halafu kikohozi. Nikajua ni mimi. Kikohozi changu nakijua.

"Huyu bibi hafai," mwenye simu akasema. "Kamchana kiongozi bila maji."

"Watamkamata."

"Nani amkamate bibi kizee? Watamkamata aliyeposti."

Akainua kichwa, akaniona. "Shikamoo bibi." Hakunitambua, kwa sababu kwenye simu nilikuwa nimevaa koti la mwanaume na kofia. Nikaitikia marahaba, nikavuta kitenge mpaka mdomoni, nikabaki hivyo mpaka unga ukatoka. Siku zote naonja unga kwa kidole kuona kama wamelainisha. Siku ile nilibeba nikaondoka.

Sasa niseme kwa nini nilivaa koti la mwanaume, maana walioniona kwenye simu hawakuambiwa.

Mimi ni Mngoni. Niliolewa huku Mufindi kwa Wahehe nikiwa binti, na mpaka leo kichwa kimekuwa cheupe mimi bado mtani wao. Zamani Wangoni na Wahehe walipigana vita mpaka wakachoka, ikabaki kutaniana. Msibani kwa Mhehe, sisi watani tuna kazi yetu. Wenye msiba wanalia, mimi naingia na maneno yangu. Navaa nguo ya marehemu, natembea kama alivyotembea, nasema kama alivyosema, na ubaya wake nautoa wote pale pale mbele ya jeneza. Haruhusiwi mtu kukasirika. Anayekasirika analipa faini ya kuku, na kuku huyo analiwa hapo hapo na watani. Nikimaliza, mjane ananipa kikombe cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nakunywa, naondoka njiani, marehemu anapita kwenda kaburini. Basi. Alichokosea kimesemwa, kimechekwa, kimefukiwa naye. Kesho yake ukikisema tena barabarani, hapo ndipo umetukana.

Aliyekufa alikuwa mwenyekiti wetu wa kijiji kwa miaka mingi. Kijiji chenyewe sikitaji, na majina ya watu sitaji. Siku hizi naogopa majina.

Alipokuwa anaumwa nilimpelekea uji. Alikuwa amekonda, lakini ulimi wake ulikuwa haujakonda.

"Mngoni," akaniambia, "nikifa usiniache niende kimya kama gunia la viazi."

"Nitakusema mpaka mbwa wako waone aibu."

"Mbwa wenyewe wameisha."

"Wameishaje? Si mmewala, Wahehe nyie?"

Alicheka mpaka akapaliwa na uji, mkewe akaja akanifukuza na mwiko. Hiyo ndiyo siku ya mwisho niliyozungumza naye.

Siku ya kumzika nilivaa koti lake la kijivu na kofia yake. Nikachukua kiazi mviringo jikoni kwa wapishi, nikakikata katikati, nikakifanya muhuri. Kila mtu kijijini alielewa. Marehemu alitembea na muhuri wa kijiji mfukoni mwa suruali, na kuupata ilikuwa kazi. Unataka barua ya mtoto ya shule, muhuri umelala. Unataka barua ya benki, muhuri umeenda shambani. Njoo kesho. Basi nikapita kwenye mikeka nagonga watu paji la uso na kile kiazi: "Wewe njoo kesho. Wewe njoo kesho kutwa. Wewe, mbona umekuja mikono mitupu, rudi kwenu." Nikasema na habari ya mbolea ya ruzuku, kwamba ikifika kijijini inapita kwanza nyumbani kwake kupumzika, na mifuko mingine inapitiwa na usingizi moja kwa moja. Halafu nikaligeukia jeneza. "Sasa umefika mlangoni kwa Mungu unabisha hodi. Na yeye atakujibu: njoo kesho."

Mjane alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani. Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu mumewe akate roho. Baada ya kicheko kile akaomba maji. Akanipa ulanzi, nikanywa, nikapisha.

Mjukuu wangu alikuwepo. Yeye anakaa Mbeya, ana saluni yake ndogo ya nywele. Namwita mke mwenzangu kama bibi yeyote anavyomwita mjukuu wake, na yeye ananijibu kwa jeuri ya mke mdogo. Alinirekodi kwa simu. Sikumkataza. Ana ukurasa wake anakoweka mitindo ya nywele, na mara nyingine ananiweka mimi nikigombana na kuku. Watu wanacheka, na mimi nilikuwa naona ni vizuri tu.

Aliporudi Mbeya akaikata video. Akabakiza kiazi, mbolea na njoo kesho. Jeneza alilitoa. Mjane na kicheko chake alimtoa. Kikombe cha ulanzi alikitoa. Juu yake akaandika: Bibi yangu akiwapa viongozi ukweli wao. Watu wasiomjua wakaichukua, wakaipachika picha za wakubwa ambao mimi hata sura zao sizijui.

Jioni niliporudi kutoka mashineni nilimpigia.

"Mke mwenzangu, umenifanya nini?"

"Bibi, umekuwa maarufu! Mpaka Dar wanakusikiliza."

"Na jeneza liko wapi?"

"Video ndefu watu hawaangalii, bibi."

"Huo ni msiba wa watu. Itoe."

Akacheka. Akasema hata akiitoa sasa hivi itasaidia nini, kila mtu ameshaihifadhi. Sikulala vizuri. Asubuhi lile koti la marehemu, ambalo ni haki ya mtani kubaki nalo, nililikunja nikalisukuma chini kabisa ya mahindi kwenye kihenge. Nikikumbuka najiona mjinga. Nani angekuja kutafuta koti? Lakini mikono yangu ilikuwa haisikilizi akili.

Siku chache baadaye nilikuwa jikoni napika kande. Simu ikalia, ni binti anayefanya naye kazi saluni.

"Shikamoo bibi. Uko na mtu hapo?"

"Niko na kuku. Sema."

"Dada ameitwa polisi tangu asubuhi. Hajarudi. Simu yake wanayo wao."

Nikamuuliza kwa kosa gani. Akasema wamemwambia ni mambo ya mtandao, amesambaza uongo na kumdhalilisha mtu. Kuna mtu amelalamika. Nikaipua sufuria, halafu nikasimama nayo hapo katikati sijui naiweka wapi. Nikatoa betri kwenye simu yangu ya tochi, nikidhani labda wananisikia. Baadaye nikairudisha, maana ningejuaje habari zake?

Nilipanda basi Mafinga. Safari yote ile, mtu akitoa simu naangalia dirishani. Makambako akapanda mama mmoja akakaa karibu yangu, akawa ananionyesha picha za wajukuu wake, mmoja mmoja, kwa furaha. Kila akisogeza kidole nilikuwa nasubiri nitokee mimi na kiazi. Sikutokea. Akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia ni baridi.

Kituoni Mbeya nilimkuta askari wa kaunta, mtu wa makamo, mpole. Kama angefoka ningejua la kufanya. Upole wake ndio ulionitisha.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Sikai, baba. Nimemfuata mjukuu wangu."

"Mjukuu yupi?"

"Wa video ya kiazi."

Akaniangalia. Wenzake wawili nyuma nao wakaniangalia, mmoja akaziba mdomo. Nikaona ananitambua.

"Kumbe ndiye wewe," askari akasema taratibu.

"Ndiye mimi. Maneno ni yangu, koti nilivaa mimi, kiazi nilikata mimi. Nifungeni mimi, huyo mtoto aende."

"Mama, wewe ulisema msibani. Hilo hakuna aliyelalamikia. Yeye ndiye aliyeweka mtandaoni."

"Lakini maneno si yale yale?"

"Maneno ni yale yale. Mahali si pale pale."

Wakamleta. Alikuwa peku, viatu wamemvua, na zile nywele za bandia anazojivunia hakuwa nazo. Kichwa chake kilikuwa kidogo kama alipokuwa darasa la pili.

"Umekula?"

"Nimekula, bibi."

"Unaongopa."

"Naongopa."

Nikamsukumia chapati nilizofunga kwenye mfuko. Askari akazifungua akazikagua kwanza, halafu akampa. Akatueleza kwamba mlalamikaji ni mtoto mkubwa wa marehemu, anaishi Iringa mjini. Mpelelezi wa kesi amesafiri, akirudi atamhoji, habari ya dhamana itafuata. Ila kama atakubali kurekodi video nyingine, aombe radhi na kusema yale yote yalikuwa uongo, huenda mlalamikaji akalegea.

"Sisemi ni uongo," mjukuu wangu akajibu. "Bibi, Katiba ibara ya kumi na nane inasema kila mtu ana uhuru wa maoni na kueleza fikra zake. Nimesoma mwenyewe."

"Ukiendelea kusoma utafika ya thelathini," askari akasema. "Pale pana mipaka. Wewe uko huru, na mwenzako ana jina lake. Mimi sikuandika yoyote kati ya hizo."

"Nani anasema mpaka uko wapi? Aliyekasirika?"

"Hakimu. Ukifika huko."

"Nyamaza," nikamwambia mjukuu wangu. "Omba radhi twende nyumbani."

"Bibi, wewe unaniambia hivyo? Wewe?"

Alinitazama kama mtu ambaye nimemwacha njiani. Sikujali. Aliyosema yalikuwa ya kweli, nilisikia kwamba ni ya kweli. Lakini mimi nilikuwa namtaka mjukuu wangu, sikuwa nataka Katiba. Nilikuwa naangalia miguu yake kwenye ile sakafu ya saruji. Mbeya baridi yake mnaijua. Nikafungua kitenge nilichojifunga juu, nikampa afunike miguu, wakamrudisha ndani nacho. Mlango ule wa chuma ulipofungwa nilishtuka kama nimepigwa mimi.

Nililala saluni kwake, kwenye kochi la wateja, na asubuhi nikapanda basi la kurudi. Mafinga nikamkuta mjane ananisubiri stendi. Nilikuwa nimempigia nikamweleza, akasema, "Njoo unipitie. Mtoto ni wangu."

Njia nzima mpaka Iringa tulikaa bega kwa bega. Mimi nilikuwa nafanya hesabu za kichwa: huyu mwanamke nimemtukania mume, mwanawe amekasirika, na ninayemtegemea ni yeye. Akikaa upande wa damu yake nani atamlaumu?

Nyumba ya mwanawe iko juu, kwenye mawe makubwa. Akatukaribisha vizuri, akatuamkia wote wawili, mkewe akaleta chai na viazi vitamu. Sikugusa. Nikasema nililoendea: kwamba namwomba amwache mjukuu wangu, na faini ya mtani nitatoa mimi, kuku wangu wote achukue.

"Bibi," akasema, "wewe sina ugomvi na wewe. Nilikuwepo msibani. Nilicheka."

"Sasa?"

"Nataka kugombea udiwani. Kila nikiposti salamu, watu wananijibu njoo kesho. Mtoto wangu shuleni anaitwa mbolea. Bibi, utani ni wako na sisi. Hao wa mtandaoni wanaonicheka ni watani wangu wa wapi? Nitamtoza nani kuku?"

Swali hilo ninalo mpaka leo. Nilimwangalia nikaona kweli ameumia, hakuwa anaigiza, na hofu yangu ikazidi, maana mtu mwongo unaweza kumshinda.

Mama yake akaweka kikombe chini.

"Baba yako alimwomba mwenyewe," akasema. "Nilikuwa nakoroga uji, nasikia. Alisema asiachwe kwenda kama gunia la viazi."

"Mama, mimi sijakataa..."

"Subiri. Mbolea alichukua au hakuchukua?"

Yule bwana akaangalia mlango ambao mkewe alikuwa amepitia.

"Nakuuliza. Ulisoma kwa mahindi ya wapi?"

"Mama."

"Basi. Ilisemwa, tukacheka, tukamzika nayo. Wewe umeifukua umeipeleka polisi, na sasa imeandikwa kwenye jalada la serikali. Umemsaidia nini baba yako?"

"Nimelinda jina lake."

"Haya. Na mimi nikifa, waite hao polisi waje wanizike. Kwa sababu huyu Mngoni hatakuja, na mwingine hatakuja. Nani atakubali kunitania, mjukuu wake alale mahabusu? Mtanipeleka kimya kimya kama mtu aliyeokotwa barabarani."

Mama yake alianza kulia, bila sauti, machozi yanaingia kwenye chai. Sijawahi kumwona analia hivyo hata siku ya msiba. Mwishowe yule bwana akasimama, akatoka nje kwenye yale mawe na simu sikioni. Tulimwona dirishani anatembea kwenda na kurudi. Niliomba Mungu kwa Kingoni, kwa Kihehe na kwa Kiswahili.

Akarudi akasema atakwenda Mbeya mwenyewe kuandika kwamba hataki kuendelea. Lakini video itolewe. Nikamwambia itatoka hata kama ni kwa jembe.

Alitimiza. Mjukuu wangu walimwachia, akanikuta stendi ya Mafinga na kitenge changu kimekunjwa vizuri kwenye mfuko. Video akaitoa, ingawa wengine wanayo bado. Simu yake haijarudishwa. Mpelelezi alimwambia mlalamikaji kujitoa ni jambo moja na jalada kufungwa ni jambo lingine, kwa hiyo akiitwa afike. Akamwambia na hili: safari nyingine haitakuwa rahisi. Hayo maneno mjukuu wangu aliyasema huku anacheka, anaiga sauti ya mkubwa yule, kidole juu. Amenirithi. Nilimpiga kofi la bega, nikamwambia ashushe kidole, tuko stendi, watu wanaona.

Muda ukapita. Kikafika kilimo kingine, na mzee mmoja jirani akafariki, Mhehe, fundi wa mizinga ya nyuki. Mbahili yule. Asali yake alikuwa anakuonjesha kwa njiti ya kiberiti. Nilikuwa na maneno yake ya kutosha tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Wenye msiba wakaniletea kofia yake ya kujikinga na nyuki, ile yenye wavu. Nikaichukua. Mjukuu wangu alikuwa amekuja, amekaa na wanawake wenzake kwenye mkeka, na yule mjane rafiki yangu kando yake.

Nikavaa kofia, nikasogea mpaka kwenye jeneza, njiti ya kiberiti mkononi. Watu wakaanza kutabasamu. Halafu simu zikainuka. Moja, nyingine, nyingine tena, mpaka nyuma kule kwa wachimba kaburi. Kupitia ule wavu zilionekana kama macho. Nikamtafuta mjukuu wangu, nikaona ananiitikia kwa kichwa kidogo, kunihimiza. "Sema, bibi," akaniambia kwa midomo. Mimi nilikuwa naangalia miguu yake. Alikuwa amevua viatu, kama wote walioketi mkekani.

"Zimeni hizo simu," nikasema. Wakacheka. Hakuna aliyezima.

"Haya. Njooni kesho."

Wakacheka zaidi, wakapiga makofi, wakidhani ndiyo naanza. Nikavua kofia ya marehemu, nikaiweka juu ya jeneza, nikaenda nikakaa mkekani karibu na yule mjane rafiki yangu. Watu wakangoja. Simu zikabaki juu, halafu zikashuka moja moja. Kikombe cha ulanzi walikuwa wameshakijaza, mwenye nacho akawa hajui ampe nani.

Rafiki yangu akaniegemea sikioni. "Na mimi nikifa?" akauliza.

Nikamshika mkono. Sikumjibu, maana simu moja ilikuwa bado inatuangalia.